Sakafu ya mbao bustanini: kutambua chanzo cha uharibifu kabla ya kusafisha

Sakafu ya mbao iliyojengwa nje ya nyumba za pwani, iwe Tanga, Bagamoyo, Kigamboni, Unguja au Diani, hupata kwa mwaka mmoja misukosuko ambayo samani za sebuleni haziipati kwa miaka 20. Alfajiri hulowa umande, adhuhuri huchomwa na jua, alasiri hupokea upepo wenye chumvi, na kuanzia Machi hadi Mei masika yanaweza kuinyeshea kwa siku kadhaa bila kuiacha ikauke. Milango ya mbao ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imestahimili hewa hiyohiyo kwa zaidi ya miaka 100, lakini mlango umesimama na maji huteremka. Sakafu imelala, na maji yasipofanyiwa njia hubaki palepale. Tofauti hiyo ndiyo asili ya karibu matatizo yote yanayoelezwa hapa chini.

Nimekagua sakafu nyingi za aina hii, na kinachonisikitisha zaidi si uchafu ninaoukuta bali athari za usafi wenyewe: mbao zilizochubuliwa na mashine ya presha, mbao zilizopaushwa kwa jiki hadi zikatoka manyoya, mbao zilizopakwa vanishi kabla hazijakauka. Mara nyingi mwenye nyumba aliona doa, akanunua dawa, akasugua, na baada ya masika doa likarudi, kwa sababu dawa ilielekezwa kwenye dalili na chanzo kikabaki chini ya mbao. Hata desturi yetu ya kupiga deki, ambayo kwenye saruji na vigae haina ubaya, kwenye mbao za nje inahitaji tahadhari, kwani ndoo za maji zinazomwagwa kila asubuhi ndizo zinazoilisha kuvu.

Matone matatu ya kupimia

Kabla ya kununua chochote, subiri siku mbili au tatu zisizo na mvua, kisha ufanye vipimo vitatu vidogo mahali pasipoonekana sana.

Tone la kwanza ni la maji safi. Likisimama juu ya ubao kama shanga kwa dakika 10 au zaidi, mafuta yaliyopakwa zamani bado yanafanya kazi na huna haja ya kupaka mengine. Likinywewa ndani ya dakika moja au mbili, ubao ni mtupu na hauna kinga. Tone la pili ni la dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ambayo wengi tunaiita jiki hata kama chupa ina jina jingine. Lidondoshe juu ya doa jeusi: likipauka kwa dakika moja au mbili, doa hilo ni kuvu, lisipobadilika, si kuvu, na kulimwagia jiki zaidi ni kuichosha mbao bure. Tone la tatu ni la maji ya ndimu, ambalo hudondoshwa juu ya doa jingine linalofanana na lile la kwanza. Likififia polepole, umekutana na doa la chuma. Usiliweke tone la ndimu mahali palipoguswa na jiki, kwa sababu asidi na klorini zikikutana hutoa gesi yenye sumu, na kanuni hiyo ni ileile unapofanya kazi kwa ndoo badala ya matone.

Mbao zimegeuka kijivu

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu kuliko zote, ingawa ndiyo isiyo na madhara makubwa. Mionzi ya jua huvunja lignini, ambayo ni gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, na mvua huyaosha mabaki yake. Kinachobaki juu ni nyuzi za selulosi, ambazo zikichanganyika na vumbi na kuvu ndogo huonekana kijivu. Mabadiliko hayo ni ya ngozi ya juu tu. Kwarua kidogo kwa ncha ya patasi na utaona mninga au mtiki ukiwa na rangi yake ya asili chini ya sehemu ndogo ya milimita.

Asiyechukizwa na rangi ya kijivu anaweza kuiacha, mradi aendelee kufagia na kuhakikisha maji yanapita. Anayetaka rangi ya awali airudishe kwa asidi ya oksaliki, poda nyeupe inayouzwa na wauzaji wa kemikali, kwa kipimo cha gramu 80 hadi 100 katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Mbao zilowanishwe kwanza, dawa ipakwe kwa brashi, iachwe dakika 15 hadi 20 bila kuruhusiwa kukauka, kisha isuuzwe kwa maji mengi. Poda hii ni sumu ikimezwa na huwasha ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, ndoo iwe ya plastiki, na watoto na mifugo wakae mbali hadi kazi iishe. Baada ya hapo lazima yafuate mafuta yenye rangi, kwa sababu chembe za rangi ndizo zinazozuia mionzi. Mafuta meupe yasiyo na rangi hupendezesha kwa miezi michache tu, kisha kijivu hurudi.

Ukoga wa kijani na utelezi

Uoto wa kijani unaoteleza huota mahali penye kivuli na unyevu wa kudumu: chini ya mwembe, pembeni mwa tangi la maji, mahali kiyoyozi kinapodondoshea matone yake, au upande wa nyumba usiopata upepo. Uoto wenyewe hauli mbao, lakini huishika maji kama sifongo, na hatari yake ya kwanza ni kwa binadamu, hasa wazee, ambao kuanguka kwao huweza kuvunja nyonga.

Anza kwa kukausha na kufagia, wala usianze kwa maji. Fagio la chelewa likitumiwa kwa kufuata urefu wa ubao huondoa sehemu kubwa ya ukoga bila kuumiza nyuzi. Kisha tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo au poda ya kung'arishia nguo isiyo na klorini, ambayo hufanya kazi kwa kutoa oksijeni, uiache kwa dakika 15, usugue tena na usuuze. Ikiwa huna budi kutumia jiki, changanya sehemu moja ya jiki na sehemu nne za maji, mwagilia mimea ya jirani maji safi kabla na baada, usipitishe dakika 10, na usuuze vizuri, maana klorini inayobaki hula nyuzi za mbao na kuharakisha kutu ya misumari.

Sehemu ambayo wengi huiruka ni nafasi kati ya ubao na ubao. Nafasi hizo, ambazo kwa kawaida zinapaswa kuwa na upana wa milimita 5 hadi 8, hujaa mchanga, majani yaliyooza na manyoya, zikawa vitalu vya uoto. Zisafishe kwa kijiti chembamba cha mbao au kisu butu kabla ya vuli na kabla ya masika, na utashangaa jinsi ukoga utakavyopungua hata bila dawa. Kama sakafu yako ni ya mbao zilizochongwa mifereji kwa madai ya kuzuia utelezi, fahamu kwamba mifereji hiyo hushika maji na udongo. Kwa maoni yangu ubao laini ulio safi ni salama kuliko wenye mifereji uliojaa ukoga, na fundi anaweza kuugeuza upande wa pili ikiwa uso wake wa chini haujachongwa. Mwisho, punguza matawi ili jua lifike angalau kwa saa chache kila siku, na kiyoyozi kielekezwe kwingine.

Madoa meusi

Madoa meusi yana asili tatu au nne tofauti, na kila moja ina dawa yake, ndiyo maana matone ya majaribio yalitangulia.

Vitone vingi vidogo vilivyotapakaa, hasa mahali palipopakwa mafuta ya kitani, ni kuvu. Mafuta ya kitani yasiyotiwa kinga ni chakula chake, na hali ya joto lenye unyevu ya pwani ni mazingira yanayoipendeza. Isafishe kama ilivyoelezwa kwa ukoga wa kijani, kisha ubadilishe aina ya mafuta, kwani ukirudia yaleyale doa litarudi pia.

Madoa ya rangi ya bluu iliyoiva hadi nyeusi, yenye kiini kwenye kichwa cha msumari na mkia unaofuata urefu wa ubao, ni matokeo ya chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mvule, mkongo na mbao nyingine nyingi ngumu. Ni mchanganyiko wa jamii ileile iliyotumiwa kwa karne nyingi kutengeneza wino. Ndimu inaweza kuondoa doa moja, kama bibi zetu walivyoondoa kutu kwenye nguo kwa ndimu na chumvi, lakini kwa sakafu nzima tumia asidi ya oksaliki kwa kipimo kilichotajwa. Doa litaondoka, na litarudi msimu ujao ikiwa msumari utabaki. Misumari ya kawaida haina nafasi kwenye sakafu ya nje, na hata ile iliyopakwa zinki hudhoofika mapema karibu na bahari. Zitumike skrubu za stenlesi, na kwa nyumba iliyo ufukweni ziwe za daraja la 316 badala ya 304, kwa sababu 316 ina molibdenamu inayoiongezea uwezo wa kuhimili chumvi. Bei yake ni kubwa, nakubali, lakini gharama ya kung'oa sakafu nzima ni kubwa zaidi.

Kuna sura nyingine ya doa la chuma ambayo huwachanganya watu. Mwenye nyumba mmoja aliamka na kukuta sakafu yake mpya ya mvule imejaa mamia ya nukta nyeusi zisizo karibu na msumari wowote, akadhani ni ugonjwa wa mbao. Chanzo kilikuwa fundi wa kuchomelea aliyekata nondo za madirisha kwa grainda uani, mita chache kutoka hapo. Unga wa chuma ulipeperushwa na upepo, ukatua, na umande wa usiku ukamaliza kazi. Kwa hiyo kazi yoyote ya grainda ifanyike mbali na sakafu, au sakafu ifunikwe kwa turubai, na kamwe usisugue mbao kwa manyoya ya chuma ya kusafishia sufuria, maana vipande vyake hukatika na kubaki ndani ya nyuzi.

Madoa ya kahawia yenye umbo la jani ni ya tanini ya majani yenyewe. Mkungu, ambao umepandwa karibu kila ua wa pwani kwa ajili ya kivuli, huangusha majani makubwa mekundu yenye tanini nyingi, na yakilala juu ya mbao mbichi kwa usiku mmoja wa mvua huacha alama. Yafagiliwe kila siku. Kinyesi cha kunguru kisuguliwe kikiwa bado kibichi, na mafuta ya nyama choma yanyonyeshwe kwa unga mkavu, kisha yasuguliwe kwa sabuni ya kuoshea vyombo; usitumie majivu, ambayo hugeuza mbao zenye tanini kuwa nyeusi.

Vanishi inabanduka, au mafuta hayakauki

Vanishi na rangi huunda ngozi juu ya ubao. Ndani ya nyumba ngozi hiyo ni kinga, lakini nje ubao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, ngozi haiwezi kuufuata, hivyo hupasuka, na maji yanayoingia kwenye ufa hukosa njia ya kutoka. Jua nalo hupenya vanishi angavu na kuvunja uso wa ubao chini yake, vanishi ikabaki imeshika kitu ambacho hakipo tena. Ukiona magamba yanainuka, usipake juu yake. Kwangua na upige msasa namba 60 hadi 80 mpaka mbao tupu ionekane. Msasa laini kupita hapo huziba vinyweleo na kuzuia mafuta kuingia. Kwa sakafu ya nje napendekeza bila kusita mafuta yanayoingia ndani ya mbao na yasiyounda ngozi, kwa sababu yakichakaa hupungua taratibu, na kuyarudishia ni kusafisha na kupaka tena bila kukwangua.

Mafuta yanayonata baada ya siku tatu yana maana moja: yalipakwa mengi kuliko ubao unavyoweza kunywa. Mbao ngumu kama mkongo, ambao kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya ni mbambakofi, hunywa kidogo sana. Paka tabaka jembamba, subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa yote yaliyobaki juu kwa kitambaa kikavu, hata kama unahisi unapoteza mafuta. Kama yameshanata, lowanisha kitambaa kwa tapentaini, sugua na ufute. Paka asubuhi baada ya umande kukauka au alasiri jua likiwa limepungua, maana ubao wenye joto la adhuhuri hukausha mafuta juu kabla hayajaingia. Miezi ya Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamepita na kabla ya vuli, ndiyo mizuri zaidi kwa pwani ya Tanzania.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani na mafuta mengine yanayokauka kwa kuvuta hewa hutoa joto yanapokauka, na vikikunjwa vikatupwa ndani ya ndoo au mfuko vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti wala cheche. Vitandazwe nje kimoja kimoja hadi vikauke na kuwa vigumu, au vizamishwe ndani ya ndoo ya maji yenye mfuniko kabla ya kutupwa.

Vilevile nawasihi wasomaji waache kupaka oili chafu ya magari. Najua hutumiwa sana kwenye nguzo za uzio kwa imani ya kuzuia mchwa, na ni ya bei ndogo au ya bure. Hata hivyo ina masizi na metali nzito zinazoshuka kwenye udongo wa mboga na visima, hutelezesha sakafu, huchafua miguu ya watoto, na ubao ulioinywa hauwezi tena kupokea mafuta mema. Mafundi wa majahazi walikuwa na sifa, yaani mafuta ya samaki, kwa mbao za juu, na shahamu ya mafuta ya wanyama na chokaa kwa sehemu inayozama. Hekima yao ya kulisha mbao badala ya kuifunika ni sahihi, ingawa harufu ya sifa haifai mahali pa kunywea chai.

Ubao umebinuka, umepasuka au msumari umeinuka

Ubao ambao kingo zake mbili zimeinuka na katikati pameingia umepata unyevu mwingi chini kuliko juu. Chungulia chini ya sakafu: utakuta udongo ulio karibu sana na mbao, pembeni pamezibwa kwa matofali au mbao za mapambo, na hewa haipiti. Fungua matundu pande mbili zinazotazamana ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite, ondoa udongo hadi pabaki angalau sentimita 15 chini ya boriti, na uweke kokoto. Ubao wenyewe mara nyingi hunyooka kiasi baada ya miezi michache; usiupige randa mapema, kwani ukinyooka utabaki na tumbo.

Nyufa ndogo zinazofuata urefu wa ubao ni za kawaida. Nyufa za kwenye ncha hupungua ncha zikipakwa nta mara tu zinapokatwa, kwa sababu maji hutoka na kuingia nchani kwa kasi kubwa kuliko penginepo. Ufa unaoanzia kwenye skrubu ni kosa la fundi ambaye hakutoboa kwa keekee kwanza.

Msumari ulioinuka usipigwe nyundo tena. Mbao zikitanuka na kusinyaa huusukuma nje, na tundu lake limeshalegea, kwa hiyo utainuka tena na safari hii labda utamkata mtu mguu. Ung'oe, weka skrubu ndefu na nene zaidi mahali pale pale.

Ubao unabonyea unapokanyagwa

Dalili hii haisubiri. Mbao huoza pale tu unyevu wake unapozidi takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu kwa muda mrefu, na kuvu inayoozesha haiwezi kuishi kwenye mbao zinazokauka kila baada ya mvua. Kwa hiyo swali si dawa gani ipakwe bali ni wapi maji yamejificha. Chukua bisibisi ya ncha bapa na uchome kwa nguvu ya kawaida sehemu hizi: ncha za mbao, mahali ubao unapolalia boriti, mahali boriti inaposhikana na ukuta wa nyumba, miguu ya nguzo, na chini ya vyungu vya maua na mikeka. Mbao nzima huikataa bisibisi na hutoa sauti kali ikigongwa. Iliyooza huipokea kama muhogo uliolowekwa, na sauti yake ni nzito.

Ikiwa kilichooza ni ubao wa juu peke yake, ubadilishe mzima, na usijaribu kujaza shimo kwa gundi na unga wa mbao, kwa kuwa ujazo huo hushika maji pembeni na kuoza huendelea kimyakimya. Ikiwa ni boriti au nguzo, zuia watu wasipite hadi fundi aje, hasa sakafu ikiwa imeinuka juu ya mteremko au juu ya maji. Boriti mpya iwekewe utepe wa lami juu kabla ya kupigiliwa mbao, nguzo isimame juu ya kitako cha chuma kilichoinuliwa kutoka kwenye zege badala ya kufukiwa udongoni, na vyungu vya maua viwekwe juu ya vitegemeo vinavyopitisha hewa.

Wengi huniuliza kwa nini mbao zao za mtiki au mninga zimeoza ilhali waliambiwa haziozi. Jibu liko kwenye rangi. Kila mti una moyo wa ndani wenye rangi iliyoiva, ambao ndio wenye kemikali za kujikinga, na una tabaka la nje lililo jeupe au la manjano hafifu ambalo halina kinga yoyote, uwe ni mti wa sifa kiasi gani. Mtiki uliovunwa ukiwa mchanga una sehemu kubwa ya tabaka hilo. Unaponunua, tazama ncha za kila ubao na ukatae ule wenye ukingo mweupe, hata muuzaji akisema rangi italingana baada ya kupakwa mafuta.

Vijia vya udongo, vumbi na matundu

Vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda kwenye nguzo au ukuta ni barabara za mchwa wa ardhini, ambao hawawezi kuvumilia hewa kavu. Vunja kipande kimoja na urudi baada ya siku tatu. Kikiwa kimejengwa upya, kundi lipo kazini. Punje ndogo ngumu zilizorundikana kama mchanga wa kahawia chini ya ubao ni za mchwa wa mbao kavu, ambao huishi ndani ya ubao wenyewe bila kugusa ardhi. Tundu la mviringo kamili, lenye upana wa takriban sentimita moja na lililo upande wa chini wa boriti, ni la nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Lizibwe kwa kijiti baada ya kuhakikisha hakuna aliyemo. Kumbikumbi wakitoka kwa wingi chini ya sakafu baada ya mvua ya kwanza, ni ushahidi kwamba kichuguu kiko karibu sana.

Kinga bora dhidi ya mchwa wa ardhini ni kuwanyima njia ya kujificha: acha sehemu ya nguzo na msingi ionekane, usirundike kuni, maboksi wala matandazo ya majani chini ya sakafu, na ukague kila mwezi wakati wa mvua. Dawa ya udongo ipigwe na mtaalamu, na iwe iliyosajiliwa, kazi ambayo kwa Tanzania inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usikubali chupa isiyo na lebo, kwa kuwa baadhi ya dawa za zamani za mchwa, kama dieldrini, ziliwekwa kwenye orodha ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hudumu kwenye udongo na kwenye miili ya watu.

Walio na bajeti ndogo hujenga kwa mbao za paini zilizotiwa dawa kiwandani, nyingi zikitoka kwenye mashamba ya miti ya nyanda za juu kama Sao Hill, na ni uamuzi wa busara mradi dawa imeingia ndani ya mbao na si kupakwa juu tu. Kata kipande cha ncha uone: rangi ya kijani ikiishia milimita moja ndani, mchwa watafika moyoni kwa urahisi, na kila mahali unapokata panahitaji kupakwa dawa upya. Aina moja ya dawa inayotumiwa sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Kwa hiyo wakati wa kupiga msasa vaa barakoa, na vumbi lake likusanywe, lisifagiliwe bustanini. Vipande vinavyobaki baada ya ukarabati visichomwe kamwe, wala visipelekwe jikoni kuwa kuni za kupikia, na unga wake usitandazwe kwenye banda la kuku; moshi wake na majivu yake vina aseniki, na jivu la kipande kidogo kikimfikia mtoto anayecheza chini linaweza kumdhuru vibaya.